Usiharakie kubandika vigae: malizana kwanza na sakafu ya bafu la chini ya ardhi

Mara ya kwanza nilipotengeneza bafu la chini ya ardhi, niliona bonde karibu na mlango nikalijaza gundi ya vigae, nzito, nikaendelea na kazi. Gundi ikiwa nene hivyo husinyaa inapokauka. Baada ya miezi michache, ukigonga vigae vya pale kwa kifundo cha kidole vililia kama boksi tupu. Ikabidi nivibandue vyote.

Siku hizi naanza na unyevu. Zege lililolalia udongo hufyonza maji kutoka chini hata kama juu linaonekana kavu. Kata nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike kingo zote sakafuni, uiache siku nzima. Ukiifunua ukakuta matone, au zege limegeuka rangi na kuwa jeusi, usimwage chochote juu yake mpaka unyevu ule upatiwe dawa.

Halafu chukua rula ya alumini ya mita mbili, ilaze sakafuni, izungushe polepole huku mwenzako akimulika tochi kwa nyuma. Mwanga unapopenya pana bonde. Rula inapobembea pana kilima. Weka alama kwa chaki. Vilima visage kabla hujafikiria kujaza mabonde, maana kilima kimoja kikiondoka, mabonde mawili ya jirani mara nyingi hupungua. Vaa barakoa madhubuti, vumbi la zege linaumiza mapafu. Kwa vigae vyenye upande unaozidi sentimita 38, kipimo ninachofuata ni tofauti isiyozidi milimita 3 katika mita 3.

Sehemu ya kuogea ina sheria yake. Pale sakafu inatakiwa inyooke lakini iteremke kuelekea tundu la maji, kama sentimita 2 kwa kila mita. Saruji inayojisawazisha, ile ya majimaji utakayomwaga kujaza mabonde, hutulia kama maji, hivyo itaufuta mteremko wako. Zuia mpaka wa eneo hilo kwa ubao na uzibe tundu kabla ya kumwaga. Mteremko utengeneze baadaye kwa mchanga na saruji, kwa mkono.

Kabla ya kupaka praima, ile dawa ya kwanza inayosaidia saruji kushika, pitisha kiganja sakafuni. Kikitoka na unga, fagia na ufyonze tena, kwani saruji haishiki vumbi wala rangi ya zamani. Maji pima kama mfuko unavyoelekeza. Yakizidi, uso wa juu unabaki laini na kumeng'enyeka. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja anachanganya, mwingine anamwaga, kwa sababu saruji inaanza kuganda ndani ya dakika chache.

Ikishakauka, irudishe ile rula ya alumini sakafuni, pamoja na tochi.