Muulize Mzee: Mnara wenye rangi mbili

SWALI: Shikamoo mzee. Dada yangu anasoma Tartu, Estonia. Amenitumia picha ya mnara wa mashujaa kando ya kanisa la kijijini, umechongwa "1918–1920". Vita Kuu ya Kwanza si iliisha Novemba 1918? Na mbona kitako kimechakaa, juu kunang'aa kama kumejengwa juzi?
– Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Marahaba mwanangu. Una jicho kali.

Hiyo si Vita Kuu, ni vita ya uhuru wa Estonia. Wajerumani walioikalia nchi hiyo walikuwa wakifungasha virago, na tarehe 28 Novemba 1918 Jeshi Jekundu la Urusi likaishambulia Narva. Nchi ilikuwa changa, jeshi lenyewe ndiyo kwanza linaundwa, hata wanafunzi wa sekondari wakajitolea pamoja na walimu wao. Mwalimu mmoja, Julius Kuperjanov, alijeruhiwa Paju, karibu na Valga, 31 Januari 1919, akafa siku mbili baadaye. Mkataba wa amani ulitiwa saini hukohuko Tartu anakosoma dada yako, 2 Februari 1920.

Vita ilipokwisha, watu wa vijijini walichangishana fedha, wakasimamisha minara yenye majina ya vijana wao waliokufa.

Sasa hizo rangi mbili, na hapa ndipo penye utamu. Wasovieti walipoitwaa nchi mwaka 1940 walianza kuibomoa minara hiyo. Wajerumani wakaingia 1941, wenyeji wakaisimamisha upya baadhi. Mwaka 1944 Wasovieti wakarudi, ikabomolewa tena, mingine kwa baruti. Kuna watu walioficha vipande, wakavifukia ardhini na kufunga midomo miaka zaidi ya arobaini, huku kosa la namna hiyo likiweza kumfikisha mtu pabaya. Kuanzia 1988 vikafukuliwa. Kilichopatikana kikarudishwa mahali pake, kilichopotea kikachongwa upya. Nadhani wa kwenye picha yako ni wa aina hiyo, na mimi naupenda hivyo ulivyo, na kiraka chake, kuliko ungejengwa mpya mtupu.

Mwambie dada azunguke nyuma. Mara nyingi wamechonga mwaka wa kuzinduliwa, wa kubomolewa na wa kurudishwa.

Tena asidhani adui alikuwa Mrusi peke yake. Sikukuu yao ya ushindi, 23 Juni, ni ya kuwashinda wanajeshi wa Wajerumani wa Baltiki, yaani Wajerumani waliokuwa wenyeji wa nchi hizo za pwani ya Baltiki, karibu na Cēsis, Latvia, mwaka 1919.