Wimbo unaoupenda uwe nao mwenyewe: namna ninavyotunza muziki kwenye simu

Kama kuna wimbo ambao ukiukosa utaumia, usiuache mtandaoni peke yake. Uwe nao kama faili ndani ya simu yako, wenye jina lake sahihi, na nakala yake iwekwe mahali pengine. Nafanya kazi ya kompyuta hapa Tanga, na kila wiki kuna mtu ananiuliza atumie programu gani kusikiliza muziki. Jibu langu huanzia hapo, kabla sijataja programu yoyote.

Simwambii mtu aachane na huduma za mtandaoni. Boomplay, YouTube na Spotify, ambayo ilifunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, ni mahali pazuri pa kugundua wasanii wapya, na mimi nasikiliza huko mara kwa mara. Ila kumbuka kwamba kinachokaa kwenye programu hizo hukukabidhiwa. Waliokuwa wakitumia Google Play Music walitakiwa kuhamisha nyimbo zao huduma ilipofungwa mwaka 2020. Spotify, hata ukiwa unalipia na umeshapakua nyimbo, inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila baada ya siku 30, la sivyo ulivyopakua havichezi. Kwa mtu anayekwenda kijijini kulima msimu mzima, hilo ni jambo la kuhesabu.

Halafu kuna bando. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 58 kwa saa. Ukipandisha ubora hadi 320, saa hiyohiyo inakula megabaiti 144. Mtu anayesikiliza saa tatu kila siku akiwa kazini apige mwenyewe hesabu ya mwezi. Wimbo uleule ukiwa faili, unaupakua mara moja tu na kuusikiliza mpaka utosheke.

Kwa wapenzi wa zilipendwa na taarabu ipo sababu nyingine inayonigusa zaidi. Muziki mwingi wa zamani wa pwani yetu haupatikani mtandaoni kabisa, au upo kwa jina lisilo lake, umekatwa katikati, umechukuliwa kutoka kanda iliyochoka. Tanga hii ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi, na Black Star na Lucky Star kwenye taarabu. Katika kanda ninazoletewa nakuta nyimbo ambazo nimezitafuta mtandaoni nisizione. Zisipoingia kwenye kompyuta ya mtu, zitaishia kwenye sanduku lenye unyevu.

Tuanze na memori kadi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Madukani kuna kadi nyingi bandia. Imeandikwa 128, simu nayo inakuonyesha 128, kumbe ndani mna gigabaiti nane. Ukizidisha hapo, faili mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani, na hutajua hadi siku unafungua wimbo unakuta kelele au ukimya. Kadi mpya ichomeke kwenye kompyuta kabla ya kuiwekea chochote, uipime kwa H2testw kama unatumia Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Zote ni za bure. Zinaijaza kadi yote kisha zinasoma zilichoandika, kwa hiyo kadi kubwa inachukua saa kadhaa. Iache ifanye kazi wewe endelea na mambo yako. Na muuzaji mwambie kabla ya kulipa kwamba utaipima. Mwenye kadi bandia mara nyingi atakutafutia nyingine papo hapo.

Simu nayo ikikuuliza kama kadi itumike kama sehemu ya hifadhi ya ndani, kataa. Ukikubali, kadi inafungwa kwa ufunguo wa simu ile pekee, na simu ikifa, nyimbo zako zimekwenda nayo. Chagua iwe kadi ya kawaida, ya kuchomoa na kuchomeka popote.

Programu ya kuchezea nisiizungumzie sana. Kwa Android napendekeza Musicolet. Haina matangazo, haiombi intaneti hata kidogo, inafuata mpangilio wa folda zako na inakuruhusu kusahihisha jina la wimbo hapohapo. VLC ni ya pili. Ilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja cha Paris mwaka 1996, na leo inafungua karibu kila aina ya faili. Wenye iPhone, VLC ndiyo njia yenu nyepesi, maana unaweza kuirushia nyimbo kutoka kompyuta kwa Wi-Fi bila kuhangaika na waya. Kama muziki unakatika kila skrini ikizima, mara nyingi programu haina kosa. Simu ndiyo inaizima ili kubana betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itafute programu yako ya muziki, uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi.

Kazi yenyewe iko kwenye majina. Nyimbo nyingi tunazojaziwa vibandani zinakuja zikiitwa wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, au zimebandikwa jina la DJ na anwani ya tovuti aliyozitoa. Ukiwa na nyimbo mia mbili unaweza kuvumilia. Zikifika elfu tatu huwezi kupata kitu. Kila faili ya muziki ina sehemu ya ndani ya kuandikia jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka na maelezo, na sehemu hiyo ndiyo inayosomwa na programu. Kubadilisha jina la faili kwa nje hakutoshi.

Chukua mfano wa Mbaraka Mwinshehe. Kwenye simu moja niliyoipanga alikuwa ameandikwa Mwinshehe, Mwishehe, Mwaruka Mwinshehe, na mahali pengine Morogoro Jazz tu. Simu ilimhesabu kuwa wasanii wanne. Siti binti Saad naye yanamkuta hayohayo. Amua tahajia moja, iandike kwenye karatasi kama huna kumbukumbu nzuri, na usiiache.

Kuna tatizo gumu zaidi ya hilo, nalo ni bendi zilizobadilisha majina. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, na ndiyo hiyo tunayoiita Msondo Ngoma. Ukiandika Msondo kila mahali, umefuta historia, kwa sababu jina la bendi linakudokeza wimbo ni wa miaka gani. Ukiandika kila jina peke yake, bendi moja inatawanyika sehemu nne. Mimi kwenye nafasi ya msanii naandika jina la wakati wimbo uliporekodiwa, mfano JUWATA Jazz. Kwenye nafasi ya msanii wa albamu naandika Msondo Ngoma kwa zote. Nikitaka kusikiliza bendi nzima tangu mwanzo naingia kwa msanii wa albamu, nikitaka kipindi fulani naingia kwa msanii.

Waimbaji nao walihama. Muhidin Gurumo alikuwa NUTA, akaenda Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978, baadaye Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Jina la mwimbaji liweke kwenye nafasi ya maelezo, kwa tahajia ileile kila mara. Siku unataka kumsikiliza Gurumo tu, bila kujali bendi, andika jina lake kwenye kompyuta na nyimbo zote zitajipanga mbele yako. Nakuhakikishia kuisikia sauti moja ikipita bendi tatu kwa mfululizo ni raha ambayo orodha zinazopangwa na mashine bado hazijanipa.

Kwenye Windows kazi hii naifanya kwa Mp3tag, ambayo inasahihisha nyimbo nyingi kwa mpigo mmoja. MusicBrainz Picard inasikiliza wimbo wenyewe na kuutambua, na kwa Bongo Fleva na muziki wa nje inasaidia sana. Kwa taarabu ya zamani usiitegemee. Nyingi hazimo kwenye hazina yake, na wakati mwingine inakupa jibu la karibu ambalo si lenyewe. Hapo uliza wazee. Mama mmoja wa Chumbageni aliniletea kanda isiyo na maandishi yoyote, akasikiliza mashairi mawili ya mwanzo, akanitajia kikundi, mwimbaji, na mpiga fidla. Niliyaandika yote kwenye maelezo ya faili mbele yake, pamoja na kwamba yeye ndiye aliyenieleza.

Sasa kanda. Watu huweka simu mbele ya spika ya redio na kurekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Tafadhali usifanye hivyo kwa kanda unayoithamini. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea. Besi inapotea, na fidla inageuka mluzi.

Tafuta redio kaseti au deki inayozunguka vizuri na ina tundu la hedifoni. Safisha hedi, yaani kile kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba ya masikio na spiriti kabla ya kila kanda, maana kanda za zamani huacha unga wa kahawia, na unga huo ndio unaoziba sauti nyembamba. Kama kanda imelegea, ikaze kwa kuzungusha kigurudumu chake kwa penseli. Cheza dakika moja usikilize. Sauti ikiwa kama imefunikwa, huenda hedi ya deki yako haijakaa sawa na ile iliyorekodi. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Ukiizungusha kidogo sana kwa bisibisi nyembamba huku unasikiliza, utafika mahali marakasi na herufi za s zinafunguka ghafla. Ishia hapo. Kwa kanda nyingi nilizopokea, skrubu hiyo imesaidia kuliko programu yoyote.

Kutoka tundu la hedifoni pitisha waya hadi kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB iliyochomekwa kwenye laptopu. Angalia iwe na tundu la kuingizia sauti la stirio. Nyingi za bei ndogo zina tundu la maikrofoni pekee, na hilo linapokea upande mmoja. Kurekodi tumia Audacity, ya bure, ambayo iko tangu mwaka 2000. Weka hezi 44,100 na biti 16, kipimo kilekile cha CD. Cheza kwanza sehemu yenye kelele kubwa kuliko zote, urekebishe sauti ili vilele vifike karibu na desibeli -6. Vikigonga sifuri sauti inapasuka, na iliyopasuka hairudi.

Upande mmoja wa kanda ya dakika 60 utachukua karibu megabaiti 300. Hifadhi nakala kuu kwa FLAC, ambayo inapunguza ukubwa bila kutupa chochote katika sauti. Kutoka hapo ndipo unatoa MP3 za kusikilizia.

Kuondoa mvumo wa kanda ni kishawishi kikubwa, na watu wanaharibu hapo. Audacity inakutaka uichagulie sekunde mbili tatu zenye mvumo mtupu, kabla wimbo haujaanza, ili ijue cha kuondoa. Kisha inakuuliza iondoe kiasi gani. Weka desibeli sita, usikilize kwa hedifoni. Ukizidisha, ganuni na fidla zinaanza kusikika kama ziko chini ya maji. Mimi nyimbo nyingi naziacha na mvumo wake. Sikio linauzoea baada ya nusu dakika, lakini fidla iliyoliwa na programu haliizoei kamwe. Na nakala kuu ya FLAC usiiguse. Majaribio yote fanya kwenye nakala nyingine.

MP3 utazihitaji kwa sababu ya sabufa na redio za magari. Sabufa nyingi hazisomi FLAC, na nyingi hazitambui fleshi kubwa ambazo hazijapangwa (format) kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili. Nunua fleshi ya gigabaiti 16 au 32, iweke kwenye FAT32, na majina ya faili yaanze na 01, 02, 03. Redio nyingi za gari hucheza kwa mpangilio uliotumika kunakili, kwa hiyo nakili folda moja moja, kwa zamu unayotaka zisikike.

Kugawana nyimbo na ndugu aliyekaa chumba kimoja nawe hakuhitaji bando. LocalSend inapeleka faili kati ya simu na simu, au simu na kompyuta, hata iPhone na Android, mradi zote ziwe kwenye Wi-Fi moja. Mmoja akiwasha hotspoti inatosha. Kupandisha nyimbo za watu mtandaoni na kujipatia fedha ni jambo jingine. Wasanii wale na familia zao wana haki zao, na hapa Tanzania COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo.

Nakala ziwe tatu: simu, kompyuta, na diski ya nje ambayo haikai nyumba moja na kompyuta. Yangu iko kwa dada yangu Muheza. Kila nikienda naichomeka, nafungua nyimbo chache kutoka folda tofauti na kuzisikiliza hadi mwisho, kisha naongeza mpya. Na kanda zenyewe, hata baada ya kuziingiza kwenye kompyuta, mrudishie mwenyewe pamoja na fleshi, umwambie aziweke juu kabatini, mbali na spika na mbali na dirisha.