Re: Watoto wanaangalia picha tu, shairi la mti hawalishiki

Habari mwalimu. Umesema watoto wako wa P2 (darasa la pili) wanafurahia picha za kitabu chako cha shairi la mti ila mistari haikai kichwani. Kwanza angalia urefu wa mstari, soma bila picha huku unapiga makofi. Mi nilianza na mizani 16, yaani silabi 16 kwa mstari, wakawa wanaishiwa pumzi katikati, nikakata nikabaki na 8 na siku hiyohiyo wakaanza kuimba wenyewe hadi wanatoka nje.

Halafu picha isimalize habari yote. Chukua mutuba, ule mti wa kitambaa cha gome ambao Buganda wanaujua vizuri sana: gome linabanduliwa, shina linafungwa majani ya mgomba, gome jipya linaota tena. Kwangu shairi lilianza hivi:

Mti wavuliwa gome
Wavikwa jani la ndizi

Picha ya ukurasa huo ni shina limefungwa tu, basi, gome jipya lipo ukurasa wa pili, wanafunua haraka kujua kama mti umepona. Na mchoraji wako mpeleke akauone mti wenyewe, wangu alichora mnazi nikamrudishia. Jaribu na beti mbili tu kwanza, utuambie.