Nimecheki The Exorcist nikasinzia, nina shida gani?

*Shikamoo anko. Mimi ni mdau wa muvi za kutisha wa siku nyingi, na kila orodha nayosoma lazima The Exorcist ya 1973 iwepo juu kabisa, wanasema watu walizimia kumbini, sijui wengine walitapika, basi juzi nikajibana na bando nikaishusha, nikazima taa, hedifoni masikioni. Anko, zaidi ya saa nzima ni mama na madaktari tu! Mara hospitali, mara padri na mama yake mgonjwa, mara kuna mpelelezi mzee anaongea weee. Pepo lenyewe likija linatapika kitu cha kijani basi. Nilisinzia mara mbili. Kanisani kwetu kwenye mkesha wa Ijumaa watu wanalipuka mapepo wanagaragara chini nawaona kwa macho yangu na nikirudi nyumbani nalala fresh, sasa hii ndo ya kunitisha mimi? Nimesema hivyo kwenye grupu letu naambiwa sijui muvi. Ni mimi au imepaishwa tu?*
*Mdau, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Huna shida yoyote, na hao wa kwenye grupu waambie hata wakosoaji wakubwa wa Marekani walishindwa kuelewana juu ya hii muvi. Ilipotoka Desemba 1973 Roger Ebert aliipa nyota zote nne, ila Vincent Canby wa New York Times aliiponda na Pauline Kael wa New Yorker naye aliiponda. Alafu ikaenda kwenye Oscar imetajwa vipengele 10, ikawa muvi ya kwanza ya kutisha kuwania picha bora, ikarudi na tuzo 2, ya skripti na ya sauti. Hiyo ya sauti ishike, nitairudia huko chini.

Sasa la mkesha wa Ijumaa, maana hapo umegusa penyewe. Hii muvi imetengenezwa kwa mtu ambaye pepo ni kitu cha MWISHO kabisa kukifikiria. Yule mama, Chris, ni staa wa sinema, hana dini, amepanga nyumba Georgetown pale Washington. Akisikia kelele darini anasema panya, anataka mitego. Mtoto wake, Regan, akianza kubadilika anampeleka kwa daktari, daktari anasema ni neva, anampa vidonge, vidonge vikishindwa wanampiga picha za kichwa, wanamtoa maji ya uti wa mgongo, wanaitwa wa magonjwa ya akili, mpaka mwisho jopo zima limekaa mezani limeishiwa, ndo mmoja anaanza kwa kujiumauma kwamba kuna hii kitu inaitwa kupunga pepo, si kwamba sisi tunaiamini, ila kwa kuwa mgonjwa mwenyewe anaamini huenda ikasaidia. Mama anawaka, anawauliza kama wanamwambia ampeleke mwanae kwa mganga wa kienyeji! Mtu wa kwetu akifika hapo anacheka, kwa sababu bibi yako angeshalisema hilo usiku ule ule kitanda kilipotikisika, na mchungaji angeshapigiwa simu kabla hakujakucha. Yani wewe umekaa saa moja na zaidi unawasubiri wazungu wafike pale ulipokuwa umekaa tangu mwanzo, na Padri Merrin, yule mzee wa kupunga pepo, anakuja kugonga mlango imebaki kama nusu saa tu. Usisinzie kwanini.

Kwa Mmarekani wa 1973 safari yote hiyo ndo ilikuwa kutisha kwenyewe. Ana hela, ana hospitali nzuri, ana wataalamu, na vyote vinamwangusha kimoja kimoja. William Peter Blatty aliyeandika kitabu chake (1971) na skripti alikuwa Mkatoliki, na wazo alilipata kwenye kisa cha mtoto wa kiume aliyepungwa mwaka 1949, alikisoma akiwa mwanafunzi wa chuo hapo hapo Georgetown. Aliandika kwa ajili ya watu ambao imani imewatoka, wewe hujatokwa na kitu.

Ila mwanangu na mimi nikubane kidogo. Umeingia kumsubiri pepo, vya kutisha vikapita pembeni ukaviita "mama na madaktari". Rudi kwenye ile sehemu wanampiga Regan picha ya mishipa ya kichwa. Hakuna muziki kabisa. Mtoto kalazwa, shingo imefutwa dawa, nesi anamwambia kwa upole atulie, sindano inaingia shingoni na damu inaruka fyu, fyu, kwa mapigo ya moyo, alafu ile mashine inaanza kugonga kama mtu anavunja mlango na sura ya mtoto imejikunja kwa maumivu. Hakuna pepo hapo, kuna mtoto wa miaka 12 anaumizwa na watu wema wasiojua wanatafuta nini. Wapo wengi wanaosema hapo ndo pagumu kuliko pale kichwa cha mtoto kinapozunguka, na mimi ni mmoja wao (kichwa chenyewe leo ukikitazama ni sanamu tu, tusidanganyane).

Alafu kuna yule padri na mama yake uliyempita kwa haraka. Mwanangu, huyo ndo muvi yenyewe! Karras ni padri na ni daktari wa akili, kwao Wagiriki maskini wa New York, mama anaishi peke yake kwenye chumba chakavu, mguu umevimba, hataki kuhama. Hali ikibadilika wanampeleka wodi ya vichaa kwa kuwa hamna hela ya hospitali nzuri, na anko wake anamwambia waziwazi kwamba asingekuwa padri saa hizi angekuwa daktari maarufu na mama yake angekuwa anakaa kwenye jumba la maana. Umesikia hiyo? Hiyo sentensi inasemwa kila siku kwenye misiba yetu, kwa wale waliosomeshwa wakaenda mbali. Karras anaingia wodini, wagonjwa wanamvuta nguo, anamkuta mama amefungwa mikanda, anamfungua, na mama anamuuliza kwanini amemfanyia hivi, kisha anamgeuzia mgongo. Muda si mrefu anakufa peke yake. Sasa pepo linapokuja baadae kumwita padri kwa sauti ya mama yake na swali lile lile, hilo si suala la kugaragara tena, limejua kidonda kiko wapi. Kama hiyo nayo uliisinzia basi iache, hamna anayekudai.

Mpelelezi mzee nakubaliana na wewe kabisa, anaongea sana.

*Mambo vipi anko, mimi nimeicheki ile ya kutafsiriwa, DJ alinivunja mbavu mwanzo mwisho, sikuogopa hata sekunde. Je nirudie ya Kiingereza? Na kuna ya 1973 na ya 2000, ipi ni ipi?*
*Msomaji, Tandika*

Poa mdogo wangu, rudia. DJ ni burudani yake na mimi nawapenda, ila hii muvi ilishinda tuzo ya sauti na wewe umeisikiliza mtu akiongea juu yake, kwa hiyo hujaisikia. Sauti ya pepo ni ya mama mtu mzima, Mercedes McCambridge, alikuwa anameza mayai mabichi na kuvuta sigara ili koo likwaruze. Mlio wa shingo ikizunguka ni pochi kuukuu ya ngozi inayokunjwa karibu na maiki, basi, na ukishajua hivyo bado unakusumbua. Hata mvuke unaowatoka mdomoni ni wa kweli, kile chumba kilipigwa ubaridi kama friza.

Ya 1973 ni dakika 122, ndo niliyokuwa namjibu mdau wa Mbeya. Ya 2000 ni hiyo hiyo, muongozaji William Friedkin kairudishia dakika kama 10, na humo kuna kipande mtoto anashuka ngazi kinyumenyume kama buibui, watu wanakipenda sana na mimi nakiona kimechomekwa tu. Anza na ya 1973, weka maandishi chini kama Kiingereza chao kinakupita, na tafadhali usiangalie kwa spika ya simu.