Maswali ya wasomaji: Dubai bila kuliwa na chenji

*Likizo inakaribia na barua nyingi tulizopokea zinauliza juu ya Dubai. Tumechagua zinazogusa mfuko moja kwa moja.*

Nilipokuwa nalipia viatu Deira, mtaa wa maduka mjini Dubai, mashine ya kadi iliniuliza nichague shilingi za Tanzania au dirham. Muuzaji akasema shilingi ni nafuu kwangu kwa kuwa nitajua kiasi papo hapo. Nikachagua shilingi. Je, nilikosea? (Msomaji, Tanga)

Ulikosea, ndugu yetu, na wengi hukosea hapo hapo. Chagua dirham kila mara. Ukichagua shilingi, anayekubadilishia fedha si benki yako tena. Ni kampuni inayohudumia ile mashine, nayo hujipangia kiwango chake na kuingiza faida yake humo humo.

Tufanye hesabu ya mfano. Viatu ni dirham 400. Tuseme mtandao wa kadi unahesabu dirham 1 kwa shilingi 700: hiyo ni 280,000. Benki yako ikiongeza asilimia 3 ya muamala wa nje, unafika 288,400. Mashine ya dukani ikihesabu dirham kwa 745, unalipa 298,000. Tena zipo benki zinazokata ile asilimia yao hata kama umelipa kwa shilingi, kwa sababu duka lenyewe liko nje ya nchi. Hapo umekatwa mara mbili kwa jozi moja ya viatu.

Wauzaji wengine hawaulizi, wanabonyeza wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuweka namba ya siri, soma kioo. Ukiona TZS au KES (shilingi) badala ya AED (dirham), mrudishie mashine afute na kuanza upya. Ukigundua baada ya risiti kutoka, rudi siku hiyo hiyo ukaombe muamala ufutwe na ulipe tena kwa dirham. Ukichelewa, kuufuta ni kazi kubwa.

ATM nazo zina mtego huo huo. Inakuonyesha kiasi kwa shilingi, kisha inakupa vitufe viwili: kukubali kubadilishiwa au kukataa. Watu wanaogopa kukataa wakidhani pesa hazitatoka. Zitatoka. Unachokataa ni kiwango chao tu, na benki yako itabadilisha yenyewe. Kwa kuwa makato ya kutoa pesa nje mara nyingi huwa na kiasi maalumu kwa kila muamala, kutoa dirham 1,000 mara moja ni nafuu kuliko kutoa 200 mara tano. Na kabla ya kuondoka, pita benki uhakikishe kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi. Nyingi hazifunguliwi mpaka uombe.

Nina dola 500 taslimu. Nichenji uwanja wa ndege, nichenji mjini, au nisubiri siku dirham ikishuka? (Msomaji, Mombasa)

Usisubiri, haitashuka. Tangu 1997 dirham imefungwa kwenye dola: dola 1 ni dirham 3.6725, leo na kesho. Kinachopanda na kushuka ni shilingi yetu, kwa hiyo uamuzi wako mkubwa ulikuwa nyumbani, siku uliyonunua hizo dola.

Ishike namba hiyo kama mizani. Dola 500 kwa kiwango kamili ni dirham 1,836. Duka la kubadilishia fedha likikupa 3.65 utapata 1,825, na hiyo ni bei nzuri. Dirisha likikupa 3.50 utapata 1,750. Zimekwenda dirham 86, ambazo ni zaidi ya safari 11 za treni ya metro kwa nauli ya mbali. Usiulize “rate ni ngapi” peke yake, maana wengine hutaja kiwango kizuri kisha wakakata ada. Uliza hivi: “Nikikupa dola 500, unanipa dirham ngapi mkononi?”

Uwanjani chenji dola 20 tu. Zinatosha kununua kadi ya usafiri wa umma iitwayo Nol, ile ya rangi ya fedha (Silver), inayouzwa dirham 25 na ndani yake mna salio la 19. Nauli ya metro kwa kadi hiyo ni dirham 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili, na 7.50 zaidi ya hapo. Ila angalia tiketi yako: vituo vya metro vipo Terminal 1 na 3, Terminal 2 hakuna. Na ukiwa Deira ukitaka kuvuka mkono wa bahari kwenda Bur Dubai, mashua ya abra ni dirham 1.

Shilingi usizibebe kwa ajili ya kuchenji huko. Si kila duka linazipokea, na linalopokea hukata sana.

Hoteli tulilipia yote mtandaoni. Tulipofika, mapokezi wakadai dirham 15 kwa kila chumba kila usiku, na wakazuia dirham 500 kwenye kadi yangu. Ni halali? (Msomaji, Dodoma)

Zote mbili ni za kawaida. Hizo 15 ni tozo ya utalii ya Dubai, inayotozwa tangu 2014: dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli, na ya nyota nne ni 15. Tovuti nyingi za kuwekea nafasi haziijumlishi kwenye bei ya mwanzo. Kwa kuwa inahesabiwa kwa chumba na si kwa mtu, familia yenye vyumba viwili kwa siku sita italipa 180, lakini yenye chumba kimoja kikubwa italipa 90.

Zile 500 ni amana. Kama kadi yako ni ya akaunti ya kawaida, pesa zinafungwa kweli, na baada ya kuondoka zinaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, kabla hazijafunguliwa. Omba kuweka amana taslimu upewe risiti. Wakikataa, hakikisha wanazizuia tu, wasizitoze kwa ahadi ya kurudisha. Zikitozwa zinabadilishwa kwenda na kurudi kwa viwango viwili tofauti, na mara nyingi unarudishiwa pungufu.

Binti yangu anaolewa, nataka kumnunulia bangili za karati 22. Nasikia mtalii hurudishiwa kodi. (Mama msomaji, Unguja)

Hongera, mama. Ni kweli, lakini anza na bei, kisha kodi.

Bei ya dhahabu kwa gramu hutangazwa kila siku na utaikuta kwenye ubao dukani. Hiyo usihangaike kuibishania. Panapopunguzika ni kwenye ujira wa ufundi. Mfano: bangili za gramu 20, gramu moja tuseme dirham 400, ni dirham 8,000. Ufundi wa 20 kwa gramu unaongeza 400. Jumla 8,400, na kodi ya asilimia 5 ni 420. Ukiushusha ufundi hadi 12 kwa gramu, umeokoa 160 pamoja na kodi yake. Hakikisha muhuri ni 916, yaani karati 22. 875 ni karati 21, na 750 ni karati 18. Kama kuna vito, uliza uzito wa dhahabu pekee, usije ukanunua mawe kwa bei ya dhahabu.

Kodi sasa. Duka liwe limejiunga na mpango wa kurudishia watalii, ununuzi usipungue dirham 250, na pasipoti iwe yako. Mwambie muuzaji kabla ya kulipa, aiandikishe. Ndugu anayeishi na kufanya kazi huko hawezi kudai kwa jina lake. Siku ya kurudi, nenda kwenye kaunta ya kodi kabla ya kukabidhi mabegi, kwa sababu wanaweza kutaka kuona mali. Hapa ndipo wengi wanapokosa: bangili zimo kwenye begi lililokwishapelekwa. Zibebe mkononi. Utarudishiwa sehemu kubwa ya kodi, si yote, kwani kuna makato. Bidhaa zitoke nchini ndani ya siku 90 tangu kununuliwa. Chakula na hoteli havimo.

Simu za WhatsApp hazikutoka, nikaishia kupiga za kawaida na bili ikanitisha. (Msomaji, Kigoma)

Simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa katika Falme za Kiarabu. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita, hivyo rekodi na utume. Zima data ya laini yako ya nyumbani kabla ndege haijatua, utumie Wi-Fi ya hoteli. Anayehitaji kuzungumza moja kwa moja apakue Botim, programu inayoruhusiwa huko, na ndugu wa nyumbani aipakue pia kabla hujasafiri.