JIBU: Mtumbwi Duluti na watoto wa miaka 6 na 9

Mkuu, umeuliza kama watoto wa miaka 6 na 9 wanaweza kupanda mtumbwi pale Ziwa Duluti, Tengeru, Arusha. Wanaweza, ila kwanza hakikisha jaketi okozi linawaenea. Chagua kwa uzito ulioandikwa kwenye lebo, usiangalie umri. Funga vifungo vyote, kisha shika mabegani mwa jaketi uvute juu. Likipanda hadi masikioni, rudisha, omba dogo zaidi. Jaketi pana humchomoka mtoto majini, na lile ni ziwa la kreta (shimo la volkano), si bwawa la kuogelea.

Kupanda ni mmoja mmoja: kanyaga katikati, mwili umeinama, mikono miwili kwenye kingo. Mzito akae nyuma, ndiye anayeongoza. Watoto chini katikati, wasikae juu ya ukingo. Mkipiga kafi upande mmoja wote wawili mtazunguka tu kama pia, kwa hiyo wa mbele kulia, wa nyuma kushoto.

Hatari yenyewe huja akionekana kenge. Wote wanageukia upande uleule, mtumbwi unalala. Waambie mapema: geuza shingo, kiuno kibaki palepale.

Nenda asubuhi, kabla upepo haujaamka. Juni na Julai beba masweta, baridi ya Arusha unaijua. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, umefungwa kwa kamba. Jumatano na Jumamosi ni gulio la Tengeru, barabara inajaa. Labda kama unataka na ndizi.