Nafasi yako ikitajwa kwenye orodha ya kupunguzwa, usiwahi kuandika barua ya kuacha kazi

Ndugu yangu, umesema kazini kwenu limetangazwa zoezi la kupunguza wafanyakazi, nafasi yako ni mojawapo ya zinazoangaliwa, umeitiwa kikao wiki ijayo, na unawaza kuacha kazi mwenyewe kabla hujaachishwa. Nakuomba usiache.

Mimi nilipunguzwa baada ya miaka tisa katika kitengo cha hesabu. Mwenzangu niliyekaa naye meza moja alifanya hicho unachokiwaza: siku ya nne tu baada ya tangazo akawasilisha barua yake. Aliondoka na mshahara wa siku alizofanya kazi pamoja na likizo zilizobaki, basi. Sisi tuliosubiri tulilipwa notisi na kiinua mgongo juu yake. Sheria za nchi nyingi humfidia anayepunguzwa. Anayeondoka kwa hiari mara nyingi hana dai hilo.

Najua kwa nini unataka kukimbia. Kusubiri kunachosha kuliko barua yenyewe ya kupunguzwa. Nilikuwa nasoma kila ujumbe wa meneja mara tatu nikitafuta dalili. Watu waliokuwa wakicheka pamoja walianza kuhesabiana makosa, na mtu akiitwa ofisini wote tunanyamaza. Usingizi ulikatika. Jiandae kwa hayo, na umwambie mtu wa nyumbani mapema. Mimi nilificha wiki tatu na zilikuwa mbaya mno.

Sasa hicho kikao. Usikiendee kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mwajiri awape wawakilishi wa wafanyakazi sababu za kupunguza, idadi na aina ya watakaoguswa, na muda wa zoezi, tena mapema, kisha wajadiliane namna ya kuliepuka au kulipunguza makali, kwa mfano kuwatafutia watu kazi nyingine. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo angalia sheria ya kwenu. Ila wazo la mashauriano limeingia katika sheria za nchi nyingi. Kama mna chama cha wafanyakazi, mtafute mwakilishi wenu leo.

Swali la kwanza liwe la vigezo: mnachaguaje nani abaki? Uliza kwa maandishi, na uombe alama ulizopewa kwa vigezo hivyo. Nilipopewa zangu nilikuta nimeshushwa kwenye mahudhurio. Nikakaa na kalenda usiku kucha, nikagundua wamehesabu siku zangu za likizo ya uzazi kama utoro! Mkataba ule ule unasema wazi kwamba kutokuwepo kazini kwa likizo ya uzazi si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, yenye tarehe tu na wala si ya hasira, wakasahihisha. Mimi sikupona, kwa sababu kazi yangu yote ilihamishiwa kitengo kingine. Lakini dada mmoja aliyekuwa na tatizo hilo hilo alipanda alama na akabaki. Kwa hilo peke yake nashukuru niliuliza.

Uliza pia kama kuna nafasi nyingine ndani ya kampuni, hata ya ngazi ya chini, na ni lini lazima ujibu.

Barua ikitoka, usisaini siku hiyo. Niliwekewa karatasi yenye sentensi kwamba sina madai mengine yoyote. Niliomba siku mbili, nikalinganisha na hati zangu za mshahara, nikakuta siku kumi na moja za likizo hazikulipwa. Wakaziongeza bila ubishi. Kwa hiyo kusanya mapema mkataba wako, hati za mshahara na tathmini zako za kazi. Mafaili ya kampuni usiyaguse, utawapa sababu nyingine ya kukufukuza.

Hakikisha barua inataja kwamba umepunguzwa. Waajiri wapya waliponiuliza kwa nini niliondoka, niliwaonyesha hiyo na swali likaisha. Ukiona umeonewa, fahamu kwamba muda wa kupeleka malalamiko huwa mfupi. Usiumalize kwa kununa.

Mkopo kama unao, zungumza na waliokukopesha kabla hujashindwa rejesho la kwanza.

Ukishapewa vigezo vyao, viandike hapa bila jina la kampuni. Nitavipitia pamoja nawe.